Kona ya Afrika Katika Ghala Letu

Jumatatu, 14 Februari 1994

Dada Sunniva, daftari hili ni lako. Uliniambia kwenye simu kutoka chuoni, "Jorunn, Baba ananieleza hali ya hewa kisha anakata. Niandikie wewe, tangu samaki wa kwanza apande kwenye chanja ya kukaushia mpaka wa mwisho ashuke." Naahidi kukuandikia kila kitu, yakiwemo yale ambayo watu wa nyumba hii huyanyamazia, na hata yatakayonitia aibu mimi mwenyewe. Samaki wakishashuka nitalitia posta.

Naanza na habari mbaya kwa sababu ndiyo ya leo. Mashine ya faksi ilinguruma wakati wa chakula cha mchana. Mama alikwenda ofisini, akarudi na karatasi, akaiweka kando ya sahani ya Baba. Bwana Ettore wa Vicenza amestaafu. Mpwa wake ndiye anayeshika biashara sasa. Anatusalimu, anatushukuru kwa miaka thelathini na mmoja ya kumkaushia samaki, na anasema kuanzia mwaka huu atanunua kwetu wale wa daraja la juu kabisa tu. Waliobaki atawapata kwa kampuni kubwa zinazouza rahisi.

"Wa daraja la juu ni wangapi?" niliuliza.

"Mmoja katika watano, mwaka ukiwa mzuri," alisema Babu Hilmar.

"Na hao wanne?"

Babu alimenya kiazi chake mpaka mwisho. "Hao wanne tutawaangalia," alisema.

Baba alisema upepo umegeukia kaskazini-mashariki. Kisha akashukuru kwa chakula kama kawaida, akatoka.

Jumanne, 15 Februari

Chewa wengi gatini. Baada ya shule nimekata ndimi zao za kuuza, kilo tisa. Vidole vinanuka lakini nimeridhika.

Ijumaa, 18 Februari

Leo wamepanda samaki elfu tatu. Aslaug, kibarua wetu, alikuwa akiwafunga mikia wawili wawili, na Baba akiwaning'iniza kwenye boriti. Aslaug akaniita kutoka chini ya chanja, "Mwandishi! Andika kwamba Aslaug wa kisiwa cha Skarvøya alifunga mafundo elfu moja na mia tano bila kugusa kahawa."

Nimeandika. Alikunywa vikombe viwili.

Kwenye redio hakuna habari nyingine ila Olimpiki ya majira ya baridi ya Lillehammer. Babu anasema ni mara ya kwanza kusikia watu wakishangiliwa kwa kuteleza.

Alhamisi, 3 Machi

Bwana Krogstad wa kampuni kubwa alikuja kwa boti ya asubuhi. Nilipanga kumchukia, dada. Nilijua amekuja kununua ghala, gati na chanja zote. Lakini alivua viatu mlangoni, akamsifu Mama kwa keki zake, akazungumza na Babu kwa heshima kubwa. Alimwambia Baba jambo moja ambalo bado nalifikiria:

"Bwana Torleif, ninyi si wabaya. Ninyi ni wadogo. Mtu mdogo mwenye mnunuzi mmoja analala vizuri mpaka siku mnunuzi huyo anapostaafu. Sisi tuna wanunuzi katika nchi kumi na nne. Mmoja akianguka, hatusikii kishindo."

Wanataka kila kitu. Baba atabaki hapa kama msimamizi mwenye mshahara. Uchambuzi wa samaki utafanywa na watu wao, kule kwao. Babu alitazama mikono yake aliposikia hivyo.

"Nijibuni kabla ya tarehe ishirini na nne Juni," alisema Bwana Krogstad. "Sitawaharakisha."

Alipoondoka nilimuuliza Baba kama atauza. Alisema theluji iko njiani. Nilikasirika sana. Niliwaza kwamba Baba yangu ana moyo wa mti.

Jumapili, 6 Machi

Jalidi. Nyuzi kumi na moja chini ya sifuri asubuhi, na hakuna upepo hata kidogo.

Unajua mwenyewe maana yake. Samaki wa wiki mbili za mwisho bado wana maji. Maji yakiganda ndani yao yanapasua nyama, na hakuna atakayejua mpaka wakauke. Babu alitembea chini ya chanja akiwagusa matumbo mmoja mmoja. Nilimfuata.

"Wameharibika, Babu?"

"Niulize Juni."

"Lakini wewe unahisi nini?"

"Nahisi baridi, mjukuu wangu. Rudi ndani."

Jumatano, 9 Machi

Jalidi bado.

Ijumaa, 11 Machi

Bado. Watu wazima hawasemi kitu mezani. Nashukuru kwamba Aslaug anakuja kula kwetu siku za Ijumaa, maana yeye akinyamaza dakika tano anaugua. Alisema, "Kama Mungu alitaka samaki wagandishwe, angetupa friji, asingetupa chanja." Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa aproni.

Jumapili, 13 Machi

Upepo umerudi, na joto kidogo juu ya sifuri. Asante.

Jumapili, 20 Machi

Sasa nitaandika kitu cha kunitia aibu.

Mwalimu Bergljot alitupa kazi: kila mtoto aandike vitu vinavyotengenezwa nyumbani kwao vinakwenda wapi. Niliandika ukurasa mzima kuhusu Italia. Jinsi Bwana Ettore anavyotaka samaki mwembamba mrefu mwenye rangi ya asali, jinsi anavyompiga kwa nyundo ya mti na kumloweka siku tano, jinsi wanavyompika kwa maziwa. Kisha nikaongeza mstari mmoja: "Wenye kasoro huenda Afrika."

Mwalimu alilirudisha daftari na swali pembeni: Afrika kwa nani?

Sikujua. Basi leo, wakati wa nyama ya kondoo, niliuliza mezani, "Ni nani anayekula samaki wa kona ya Afrika?"

Unaijua kona yenyewe, upande wa kushoto ukiingia ghalani, chini ya ule ubao wa baba yake Babu. Mwenye alama ya ndoana shingoni, tupa kona ya Afrika. Mwenye harufu, tupa. Aliyepigwa na jalidi, tupa. Kila mwaka wakala wa Ålesund anakuja kuwachukua wote kwa bei moja.

Babu amechambua samaki miaka hamsini na mbili. Baba amewafunga marobota tangu akiwa na umri wangu. Walitazamana kama watoto ambao hawakufanya kazi ya nyumbani.

"Wakala anajua," alisema Baba.

"Mimi nitatafuta," alisema Mama.

Jumatano, 23 Machi

Mama amepata jina kwenye nakala ya zamani ya karatasi za meli: Bi Uloma Anyanwu, Aba, Nigeria. Ametuma faksi. Alinionyesha kabla ya kuituma. Ilikuwa na mistari mitatu, na wa mwisho ulisema: Tungependa kujua unataka samaki wa namna gani.

Jumamosi, 2 Aprili

Mkesha wa Pasaka. Machungwa, na mvua.

Ijumaa, 8 Aprili

Amejibu! Nanakili:

"Ninanunua samaki wenu mwaka wa kumi na saba sasa. Hii ni mara ya kwanza mtu wa huko kuniuliza swali. Sitajibu kwa karatasi. Nitakuja Mei."

Baba alisoma mara mbili. "Atakuja huku?" alisema. "Kwa nini?"

"Labda anataka kuona tunafananaje," alisema Mama.

Jumatatu, 25 Aprili

Samaki wa mwisho wamepanda. Upepo mkavu wa mashariki. Babu anasema mwezi wa Aprili umekuwa mwema kwetu, na kwa Babu hayo ni mashairi.

Jumatatu, 9 Mei

Bi Uloma ameshuka kwenye meli ya pwani akiwa na makoti mawili, moja juu ya jingine, na sanduku jekundu. Ni mnene kiasi, wa umri wa Mama au zaidi. Baba alinyoosha mkono akasema kwa Kiingereza, "Baridi leo."

"Nimeiona," alijibu Bi Uloma. "Imenipokea kabla yako."

Aslaug, ambaye hajui Kiingereza, alicheka kwa sababu ya uso wa Baba.

Jumanne, 10 Mei

Mwalimu Bergljot aliniruhusu nibaki nyumbani nitafsiri, kwa sababu Kiingereza cha Baba na cha Babu kinaishia kwenye hali ya hewa, na Mama alikuwa na simu za ofisi. Nitaandika yote, dada, hata kama mkono utauma.

Tulipoingia ghalani Bi Uloma alisimama. Hakuna aliyekuwa amefikiria ubao. Umekuwa pale tangu kabla Baba hajazaliwa, hatuuoni tena, kama vile mtu asivyoiona pua yake. Herufi nyeupe, kubwa: AFRIKA. Chini yake lundo la wale wa mwaka jana ambao wakala hajaja kuwachukua, wamerundikwa kama kuni.

Bi Uloma alisoma. Alitazama lundo. Akatazama tena ubao.

"Bwana Torleif," alisema polepole, "kwa hiyo hapa ndipo kwangu?"

Baba alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Ni jina la zamani tu."

"Naona. Na Italia imeandikwa wapi?"

Italia haikuandikwa popote. Samaki wa Italia wako darini, wamepangwa kwa safu, wamefunikwa kwa magunia safi. Bi Uloma alipanda ngazi akawaona, akashuka. Nilitamani sakafu ipasuke. Nilidhani atarudi kwenye meli. Badala yake alivua glavu, akageuza beseni akaketi juu yake mbele ya kona yetu, akachukua samaki wawili na kuwagonganisha. Ko, ko. Akasikiliza kama mtu anayebisha hodi.

"Huyu nani kamtupa huku?"

"Ana alama ya ndoana shingoni," Babu alisema kupitia kwangu.

"Mzee wangu, mteja wangu anamkata huyu kwa msumeno vipande ishirini. Shingo ataiona wapi?" Akamweka kulia. "Na huyu?"

"Ana harufu kali."

Bi Uloma alicheka kwa sauti mpaka shakwe wakaruka juu ya paa. "Harufu! Binti, mwambie babu yako, ukimwondolea harufu umeniuzia kuni. Mchuzi wetu unataka kujua kwamba samaki yumo." Kulia tena.

Halafu akachukua mmoja mweupe, mkubwa, wa kupendeza. Akamgonga. Hakulia ko. Alitoa sauti nzito kama kitabu kikubwa kinachoanguka. Bi Uloma alimvunja ncha kwa mikono, akamwonyesha Babu nyama ya ndani, iliyokuwa na vishimo kama mkate.

"Hawa," alisema, na sasa hakuwa akicheka. "Hawa waliopigwa na barafu. Wakilowekwa wanakuwa sifongo. Mwanamke ananunua kwangu kwa ajili ya harusi ya mwanawe, anapika, samaki anayeyuka, anarudi sokoni na sufuria yake, anaifunua mbele ya wateja wangu wote. Mara ngapi? Kila mwaka nasema kwa wakala, mwambie Mnorwei asiniletee hawa. Alikufikishieni?"

"Hapana," alisema Baba. Kisha akaongeza: "Hatukumuuliza."

Dada, uelewe vizuri. Kila kasoro tulikuwa tukiiweka pamoja, kwa sababu kwa Bwana Ettore zote zilikuwa kasoro. Kumbe nyingi kati ya hizo kwa Bi Uloma si kitu, na moja, ile moja tu, ndiyo inayomwaibisha. Na sisi tulizichanganya kwa mikono yetu, tukamuuzia kwa miaka kumi na saba, tukidhani tunamfanyia hisani.

Babu aliniambia, "Muulize anataka samaki wa namna gani."

Nilimtafsiria. Bi Uloma alitikisa kichwa. "Aniulize mwenyewe."

Babu alichukua samaki mmoja kwa mkono wa kulia na mmoja kwa wa kushoto, akawainua, akasema kwa Kiingereza chake cha hali ya hewa, "Tafadhali. Huyu? Au huyu?"

"Sasa ndiyo tumeanza biashara," alisema Bi Uloma.

Jumatano, 11 Mei

Wamechambua kutwa nzima, beseni kwa beseni. Babu anamnyanyua samaki kwenye mwanga wa dirisha, Bi Uloma anamnyang'anya na kumgonga.

"Mzee, wewe unawapenda kwa sura."

"Na wewe unawapenda kwa kelele."

"Sura haipikiki."

Kufikia saa kumi Babu naye alikuwa anagonga. Anafumba macho anapofanya hivyo. Ubao umeondolewa, sikuona ni nani aliyeuondoa, ila misumari minne imebaki ukutani. Babu alitaka kujua daraja jipya liitwe nini. Bi Uloma alisema, "Lile la darini mnaliitaje?" Namba moja, nikamwambia. "Basi na hili namba moja. Moja ya kwao, moja ya kwetu."

Alhamisi, 12 Mei

Kabla ya meli Bi Uloma alipika. Alitoa kwenye sanduku jekundu majani makavu, pilipili na mafuta mekundu, akatumia ng'onda wetu wenyewe aliowaloweka tangu alipofika. Hatukuwahi kuwala hivyo. Tunawaning'iniza kila mwaka wa maisha yetu, na sisi wenyewe tunakula wabichi.

Babu alitokwa jasho, akaongezewa sahani ya pili. "Inalika," alisema. Nilipomtafsiria Bi Uloma nilimweleza kwamba hiyo ni sifa ya juu kuliko zote alizowahi kuzitoa, na kwamba Mama alipewa mara moja tu, siku ya harusi yake.

Masharti yake ni haya: atachukua marobota mia tisa ya namba moja yake, kwa bei inayokaribia ile ya Bwana Ettore, bila wakala. Lakini asikute hata samaki mmoja wa jalidi. Akikuta, basi, hatarudi tena.

Gatini nilimshukuru kwa mchuzi na kwa kutokasirika. Alinitazama. "Nani kakwambia sikukasirika, binti yangu? Nilikasirika tangu mlangoni mpaka kwenye beseni. Lakini nimetoka mbali mno kurudi na hasira peke yake."

Jumanne, 17 Mei

Sikukuu ya taifa: gwaride, bendera, aiskrimu tatu. Nilivaa vazi lako la kitaifa, limenitosha mabegani. Asante.

Ijumaa, 27 Mei

Nzi wa kwanza. Samaki wamekauka kiasi kwamba nzi hawawezi kutaga mayai ndani yao.

Jumamosi, 4 Juni

Kila mtu anahesabu siku za jalidi kimoyomoyo. Kuanzia tarehe sita hadi kumi na mbili Machi. Waliokuwa wabichi siku hizo ni wangapi? Nilimkuta Baba amesimama peke yake chini ya chanja ya mashariki, ameegemeza paji la uso kwenye boriti. Aliponiona alisema umande ni mwingi leo.

Nilisimama karibu naye. Aliniambia, bila kunitazama, "Babu yake Babu yako aliisimamisha chanja hii. Sitaki kuwa mimi niliyeiuza. Lakini sitaki pia kuwa mimi niliyewazamisha ninyi nyote kwa sababu ya boriti."

Nilichoandika mwezi wa Machi kuhusu moyo wa mti, naomba ukifute kwa kalamu yako. Anaogopa tu. Na anaogopa kwa ajili yetu.

Jumatatu, 13 Juni

Tumeanza kuwashusha. Kila mtu ana kazi, shule imetupa ruhusa.

Jumatano, 15 Juni

Babu anagonga kuanzia asubuhi mpaka chakula cha jioni. Ko, ko, ko. Kisha sauti ile nzito. Ko, ko. Nzito. Nzito. Tumejifunza kuzitofautisha kutoka jikoni. Mama alikuwa anakata mkate, na kila ikisikika nzito kisu kilisimama.

Alhamisi, 16 Juni

Karibu theluthi nzima ya waliokuwa wa Bi Uloma wamepigwa na jalidi. Tuna marobota mia sita na ishirini, si mia tisa.

Bwana Krogstad alipiga simu mchana huohuo. Sijui nani alimwambia; kwenye visiwa hivi hata samaki wanapiga simu. Alisema kwa upole kwamba wao wangechukua wote, hata wa jalidi. "Tunachanganya kidogo katika kila robota," alisema. "Wanunuzi wetu ni wengi, kasoro inasambaa."

Jioni Aslaug alisema kile ambacho nadhani kila mtu alikuwa nacho kichwani. "Na sisi tukichanganya? Kidogo tu. Samaki kumi katika kila robota. Hawataonekana mpaka wafike Aba."

"Wataonekana Aba," alisema Babu.

"Ndiyo, lakini pesa zitakuwa zimefika hapa."

"Aslaug."

"Nasema tu, Hilmar! Lazima mtu mmoja aseme ili wengine mkatae."

Baba aliinuka, akaniambia, "Jorunn, njoo na kamusi." Tukaenda ofisini. Aliandika mwenyewe, kwa mkono, nami nikamsahihishia tahajia: Jalidi ya Machi imetuharibia theluthi. Hao hatukutumii. Tuna marobota mia sita na ishirini, kila samaki amegongwa na baba yangu. Kama hayatoshi, tutaelewa. Torleif.

Aliiingiza kwenye mashine na kusimama mbele yake mpaka karatasi yote ilipopita.

Dada, nimemfahamu Baba miaka kumi na mitatu, na jana ningesema namfahamu vya kutosha. Nashukuru nilikuwa na kamusi mkononi, vinginevyo wangeniacha jikoni na nisingemwona.

Ijumaa, 17 Juni

Hakuna jibu.

Jumamosi, 18 Juni

Jibu lilikuja wakati tunafunga marobota. Mama alitoka ofisini mbio, akakimbilia ghalani na soksi bila viatu.

"Nimefanya biashara miaka ishirini na sita," ameandika Bi Uloma, "na huyu ni muuzaji wa kwanza kuniandikia mwenyewe kwamba ana kidogo kuliko alichoahidi. Nachukua mia sita na ishirini. Nitatia sahihi mkataba wa miaka mitatu, kwa sharti moja. Kila mwaka, kabla hamjaning'iniza samaki, mtu wa kampuni yenu aje Aba akae sokoni pamoja nami wiki mbili. Asiuze. Asikilize wanawake wanasema nini. Halafu arudi awafundishe. Miji mingine pia inakula samaki hawa, na kila mji una midomo yake. Nitamtembeza. Nipeni jina lake kabla ya mwezi kuisha."

Miaka mitatu! Aslaug alimbusu Babu kwenye kipara. Baba aliketi juu ya robota akacheka, au sijui kama alikuwa anacheka, mabega yake yalitikisika.

Halafu tukaanza kutazamana. Nani ataenda?

Babu ana miaka sabini na minne. Mama akiondoka ofisi inakufa. Aslaug alisema, "Niende mimi, ila kusikiliza sijawahi." Baba alisema, "Kukaa wiki mbili bila kusema, hiyo naiweza kuliko mtu yeyote. Lakini nisikilize kwa Kiingereza? Nitarudi na habari za mvua." Ndipo Bwana Krogstad alipotajwa tena, maana bila mtu hakuna sahihi, na bila sahihi tuna mwaka mmoja tu, na tarehe ishirini na nne ni Ijumaa ijayo.

Jina lako, wewe unayejua Kiingereza vizuri, lilikuwa mezani, dada, kama bakuli la viazi, na hakuna aliyeligusa.

Jumapili, 19 Juni

Leo namaliza ahadi yangu, na kilichobaki kinakuhusu wewe.

Asubuhi niliwasikia Baba na Mama wakiongea kwenye ngazi za nje. Mama alisema, "Mpigie." Baba alisema, "Asiulizwe. Anamaliza chuo, na tayari amepata kazi Oslo, kazi nzuri, ameipata kwa akili yake. Nikimwuliza atakuja kwa sababu mimi ni baba yake. Sitaki aje hivyo." Mama akasema, "Na asipojua?" Baba akasema kwamba jua ni kali leo.

Kisha akaenda ofisini. Nilichungulia. Amesafisha meza ile ya dirishani, amebandua kalenda ya zamani, ametoa masanduku yote chini yake. Kwa siku nzima hakuna aliyemuuliza anaiandaa kwa ajili ya nani, na yeye hakusema.

Mimi sikubaliani naye, ingawa namshukuru kwa kukupenda namna hiyo. Nadhani mtu anaweza kuulizwa na bado akawa huru kukataa. Ukisema hapana, nitasoma Kiingereza kwa bidii, na miaka mitano ijayo nitakwenda mimi, kama tutakuwa bado tupo. Ukisema ndiyo, usiseme kwa ajili ya Baba wala boriti. Sikukupigia simu kwa sababu kwenye simu ungejibu haraka ili kunifurahisha. Nilitaka usome kwanza kila kitu: jalidi, ubao, mchuzi na theluthi iliyoharibika.

Daftari litaondoka kesho kwa ndege ya posta, litakufikia Jumatano. Faksi ya chuo chako inafanya kazi mpaka saa tisa alasiri, niliuliza. Mimi nitakaa mbele ya mashine yetu Alhamisi nzima na sandwichi zangu, hata Mama akinifukuza.

Asante kwa kuniomba niandike. Bila wewe ningeyaona haya yote nusu nusu.

Sasa nijibu, Sunniva, kwa maneno yako mwenyewe: je, unataka kwenda Aba?